Mchanga Una Mwenyewe

Fanya jaribio hili. Tafuta picha ya mchanga wa pwani iliyopigwa kutoka juu na droni, zile zinazoonyesha mikunjo midogomidogo ambayo maji huiacha yakipwa. Ziko tele mtandaoni. Zima kwanza ule mzunguko wa skrini, kisha geuza simu juu chini. Mara nyingi mabonde yatapanda yawe vilima, na vilima vitashuka viwe mabonde. Picha ni ileile. Macho yetu yamezoea mwanga unaotoka juu, kwa hivyo ukiigeuza picha tunasoma vivuli kinyume.

Naanza na kamchezo haka kwa sababu kanaonyesha kitu ambacho wanaozisifu picha hizi hawakisemi. Picha ya namna hii haijui hata juu ni wapi. Haijui kaskazini, haijui saa, haijui kama unatazama mita 2 au mita 200. Na sisi tunaipa jina zuri, tunasema ni dhahania. Tunalisema neno hilo kana kwamba udhahania umelala pale ufuoni ukisubiri kupigwa picha. Mimi nasema haukuwa pale. Umetengenezwa, na inafaa tuulize umetengenezwaje na unamfaa nani.

Kwanza niwe muungwana: picha hizi ni nzuri, na sijaja kuzitukana. Miaka 20 iliyopita ungehitaji helikopta ili uone mlango wa Mida kutoka juu. Leo kijana wa Kilifi aliyeazima droni ya binamu yake anaweza kutuonyesha vijito vya maji vikiutoka mchanga wakati wa kupwa, vikiungana viwili viwili, vinne vinne, mpaka vinafanana na mti mkubwa uliolazwa kuelekea baharini. Ukiona hivyo mara ya kwanza unanyamaza. Hata mimi nilinyamaza. Shida yangu inaanza pale mpigaji anapopakia picha na kuiita 'Bila Jina', au 'Dhahania Namba 7', au 'Pumzi'.

Hebu tuangalie kazi yenyewe inavyofanyika. Kamera inaelekezwa chini wima, kwa hivyo upeo wa macho unaondoka, na anga nayo. Mpigaji anangoja jua la asubuhi au la jioni, likiwa chini, ili kila mkunjo utupe kivuli. Kisha anasubiri watu wapite. Kama hawapiti, anawafuta baadaye kwenye kompyuta. Mwisho anaongeza rangi, buluu iwe buluu kweli, hudhurungi iwe dhahabu.

Hata asipomfuta mtu, urefu wenyewe unamaliza kazi. Kanuni za Kenya za mwaka 2020 kuhusu droni zinaweka kikomo cha futi 400, yaani kama mita 120. Kwa lenzi ya kawaida ya droni ndogo, ukiwa hapo juu na kamera ikitazama chini, picha inabeba zaidi ya mita 150 za ufuo kwa upana. Picha ikiwa na pikseli 4,000, mabega ya mtu mzima yatakuwa kama pikseli 10. Ipunguze iingie Instagram kwa pikseli 1,080 na mtu huyo amebaki pikseli 3. Mama anayechokoa pweza mwambani anakuwa doa, na doa, kwa mpigaji anayetaka usafi, ni kitu cha kufutwa.

Kwa hivyo vitu vinne vimeondoka: upeo wa macho, kipimo, saa na jina. Kinachobaki tunakiita dhahania.

Hii si mara ya kwanza. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Edward Steichen alikuwa miongoni mwa walioongoza kazi ya picha za angani za jeshi la Marekani kule Ufaransa. Picha zile zilipigwa ili makamanda wajue mizinga na mahandaki ya adui yako wapi. Baadaye baadhi yake zikaanza kuthaminiwa kama sanaa, watu wakizitazama kwa maumbo yake. Mwaka 1975, Allan Sekula aliandika makala katika jarida la Artforum akiuliza inakuwaje picha iliyotengenezwa kusaidia kurusha mabomu igeuke kuwa urembo wa kuuzwa. Nadhani swali lake bado linatuhusu, na pengine linatuhusu zaidi sisi huku, ambako wengi tulilisikia neno droni kwanza katika taarifa za vita vya Somalia, kabla ya kulisikia harusini.

Man Ray naye aliujua mchezo huu mapema. Mwaka 1920 alipiga picha ya vumbi lililojikusanya juu ya kazi ya kioo ya Marcel Duchamp. Picha hiyo ilipochapishwa mwaka 1922, maelezo yake yalidai kwamba ni mandhari yaliyoonekana kutoka kwenye ndege. Ni utani, lakini utani wenye akili: ukiondoa kipimo, vumbi la chumbani linaweza kuwa jangwa. Tofauti na wenzetu wa leo ni kwamba Man Ray alitaka ujue umechezewa.

Halafu kuna Yann Arthus-Bertrand, Mfaransa ambaye safari yake ya kupiga picha kutoka juu ilianzia hapa kwetu. Miaka ya 1970 alikuja na mkewe kuchunguza simba wa Maasai Mara, na akawa akirusha puto la watalii. Kitabu chake La Terre vue du ciel kilitoka mwaka 1999 na kuuza mamilioni ya nakala. Picha yake inayojulikana zaidi ni ya uwazi wenye umbo la moyo katikati ya mikoko ya Voh, New Caledonia. Picha nyingi za droni tunazoziona leo ni wajukuu wa moyo ule. Zinatafuta umbo ambalo mtazamaji analijua tayari: moyo, mti, mshipa, jicho. Tukishalitambua tunaridhika na kuendelea kushusha skrini. Mahali penyewe hatujapaona.

Sasa nije nyumbani, kwenye mdomo wa Sabaki, kaskazini ya Malindi, kati ya mji huo na Mambrui. Sidhani kuna mahali katika pwani yetu panapompa mpigaji wa droni maumbo mengi hivyo. Maji mekundu yanakutana na maji ya buluu. Mafungu ya mchanga yanajitokeza na kuzama. Kuna mistari myeusi ya madini mazito ambayo mawimbi yameyachambua kutoka kwenye mchanga mwepesi. Ukiipiga picha Sabaki huwezi kukosa.

Ila ule wekundu si rangi tu. Sabaki ni jina la mwisho la mto wa pili kwa urefu nchini. Huko juu unaitwa Athi, ukipita Tsavo ni Galana. Mto Nairobi unaingia humo, kwa hivyo msomaji wa South B, uchafu wako nao umo. Lakini udongo mwingi umetoka nyanda kavu za Ukambani. Mwaka 2007 wanasayansi walichapisha utafiti wa tumbawe moja la Malindi lenye umri wa kama miaka 300. Tumbawe hukua kwa tabaka, na katika tabaka zake huweka bariamu iliyoletwa baharini na udongo wa mto. Ukizisoma tabaka hizo unajua udongo ulimwagika kiasi gani miaka ipi. Kwa muda mrefu hali ilikuwa tulivu. Mwanzoni mwa karne ya 20 bariamu ikaanza kupanda, na watafiti wakaihusisha na ukoloni na ardhi ya kilimo iliyozidi kubanwa.

Nilisoma jiografia chuoni miaka miwili kabla ya karo kuniishia, na hilo la mmomonyoko wa Machakos lilikuwa somo tulilokariri bila kuliona. Tuliambiwa serikali ya kikoloni iliwasukuma Wakamba katika maeneo yaliyotengwa, kisha ardhi ilipochoka ikalaumu ng'ombe. Mwaka 1938 ng'ombe walianza kuchukuliwa kwa nguvu, na Muindi Mbingu akaongoza maelfu ya watu hadi Nairobi kupinga. Hii ndiyo habari ya ule mchirizi mwekundu ambao mtu ameupa jina 'Pumzi'. Udongo uliogombaniwa kule ndio unaofika hapa, na unaendelea kufika. Ghuba ya Malindi imejaa mchanga hata ufuo mbele ya hoteli kadhaa za zamani umekuwa mpana, bahari ikarudi nyuma.

Hata majira yamo katika picha, kwa anayejua kusoma. Kaskazi ikivuma, maji mekundu yanasukumwa kusini kuelekea Malindi, na mtalii analalamika. Kusi ikivuma, yanaelekea kaskazini, upande wa Ngomeni. Mikunjo ya mchanga nayo ni maandishi. Ule uliochongwa na mkondo una mgongo mlalo upande maji yanakotoka na ukingo mkali upande yanakoelekea. Uliochongwa na mawimbi ya kwenda na kurudi huwa sawa pande zote mbili. Ndiyo maana nasema mchanga wenyewe si dhahania. Umejaa habari kuliko gazeti.

Niliwahi kumwonyesha mzee mmoja mvuvi wa Mambrui picha ya aina hii kwenye simu. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani, aliishika simu mbali kidogo na macho. Sikumwambia ni ya wapi.

"Hapa maji yakitoka ama yakiingia?" akaniuliza.

"Haijaandikwa, mzee."

"Basi aliyepiga hakuangalia." Akaivuta karibu. "Yakitoka. Ona huu mgongo. Na huu hapa pembeni ni mlango wetu. Lakini fungu hili halipo hapa tena, mwanangu. Limehama."

Hakusema ni nzuri wala mbaya. Aliisoma kama vile wewe unavyosoma meseji, akaanza na saa. Watu wa pwani wana maneno ya vitu hivi kwa sababu wanavihitaji: fungu ni mchanga unaojitokeza maji yakipwa, mlango ni njia ya kupita chombo, bamvua ni siku za maji makubwa mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji mafu ni siku ambazo bahari haiendi mbali. Maneno haya yana kipimo na saa ndani yake. Ukiandika 'fungu la Sabaki, bamvua, kusi' umeshatoa maelezo ya picha kamili kwa maneno manne na kiunganishi. 'Dhahania Namba 7' haimpi mzee huyu chochote, na haimpi msomaji wa Nairobi chochote pia. Inampa tu mnunuzi uhuru wa kuitundika juu ya kochi bila kuulizwa swali.

Mara moja nilipata kibarua cha kuandika maelezo ya picha kama hizi kwa biashara moja ya utalii. Niliandika jina la mto na jina la kijiji. Yalirudi yakiwa yamefutwa, mahali pake pameandikwa 'ufuo usioguswa'. Mteja alinieleza kwa upole kabisa kwamba mgeni hanunui kijiji, ananunua utulivu. Nilimwelewa. Lakini neno 'usioguswa' limebaki nami, kwa sababu katika pwani hii neno hilo lina historia ya kisheria.

Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya hatimiliki za pwani. Mwenye kudai ardhi alitakiwa kujitokeza na ushahidi. Ardhi ambayo hakuna aliyekubaliwa kuwa mwenyewe ikawa ya Taji la Uingereza. Wengi wa Wamijikenda hawakuingia katika daftari hilo. Kwenye karatasi, mashamba yao yalikuwa wazi. Wajukuu wao ndio wanaoitwa maskwota katika ardhi walikozikwa babu zao. Kwa hivyo ukiniambia kwamba picha ya ufuo mtupu ni umbo na rangi tu, haina siasa, nakuomba ukumbuke kwamba hapa kuna watu waliopoteza ardhi kwa sababu mtu aliitazama akaona hakuna mtu.

Nenda mbele kidogo ya Mambrui, upande wa Gongoni na Marereni, uone mabwawa ya chumvi. Kutoka juu yanavutia sana, miraba ya waridi, nyeupe na kijani. Mwaka 2005 Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilifanya uchunguzi wa wazi kuhusu malalamiko ya wakazi wa Magarini dhidi ya mashamba hayo ya chumvi, yakiwemo ya kufurushwa kutoka ardhini, na ikachapisha ripoti mwaka uliofuata. Mraba ule mzuri una mstari, na mstari ule ni mpaka. Picha inayokuonyesha mpaka bila kukwambia ni mpaka imechagua upande, hata kama mpigaji hakukusudia.

Najua jibu litakalokuja: sanaa si ripoti ya NEMA. Msanii hana deni la kutufundisha jiografia. Nakubali, na ningekuwa mjinga kudai kila picha ibebe hotuba. Ila wapo waliopiga kutoka juu bila kututoroka. Edward Burtynsky wa Kanada amepiga mabwawa madogo ya chumvi ya Senegal, yaliyochimbwa kwa mikono, na utazitazama dakika kadhaa ukidhani ni mchoro wa rangi. Lakini kichwa cha picha kinakupa kijiji na mwaka: karibu na Naglou Sam Sam, 2019. Ni maelezo makavu kabisa. Yanatosha kukurudisha chini, ukaanza kuuliza nani alichimba. Unaweza kumlaumu Burtynsky kwamba anaufanya uharibifu upendeze, na wengi wamemlaumu. Huwezi kusema alikuficha pahali.

Sophie Ristelhueber wa Ufaransa alikwenda mbali zaidi. Mwaka 1991, baada ya vita vya Ghuba, alipiga jangwa la Kuwait, picha nyingine akiwa angani na nyingine akiwa amesimama chini. Akazichanganya picha 71 katika kazi aliyoiita Fait, neno la Kifaransa linalobeba 'jambo la hakika' na pia 'kilichotendwa'. Ukitazama hujui kama ni handaki la kilomita au mkwaruzo wa hatua tatu. Kipimo kimepotea pale pia, lakini kimepotea kwa sababu. Unajiona ukishindwa kupima jeraha, na kushindwa huko ndiko kazi yenyewe. Hapo udhahania unauma. Katika picha zetu nyingi za ufuo haumi, unabembeleza.

Kwa hivyo siombi droni zishushwe. Naomba vitu vidogo ambavyo havigharimu hata betri moja ya ziada. Andika mahali, tarehe, na kama maji yalikuwa yanapwa au yanajaa. Acha nyayo. Acha yule mama na ndoo yake, hata akiwa pikseli 3, kwa sababu yeye ndiye kipimo. Rudi kwenye fungu lilelile kwa bamvua na kwa maji mafu, kwa kusi na kwa kaskazi, utuonyeshe linavyohama. Picha moja ya fungu ni pambo. Picha 12 za fungu moja kwa mwaka mzima zingekuwa kazi ambayo yule mzee na mhariri wa jarida wangebishana juu yake kama watu wawili wanaojua wanachokitazama.

Na kuna jambo la mwisho ambalo wapigaji wetu wangefaa kulijua kabla ya kuandika 'usioguswa'. Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inaorodhesha ardhi ya umma, na ndani yake imo ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa. Ni kile kipande hasa ambacho picha hizi zinakipenda, pale kwenye mikunjo, vijito na mafungu. Serikali inakishikilia kwa niaba yetu. Hoteli inaweza kujenga ukuta mpaka pale maji yanapofika, na njia za kwenda baharini zinaweza kuzibwa moja baada ya nyingine, lakini mchanga wenyewe, ule unaolowa na kukauka mara mbili kwa siku, ni wa mvuvi wa Mambrui, wa mchokoa pweza, wa msomaji wa South B ambaye hajawahi kufika Malindi. Ni wako pia, wewe mwenye droni. Basi ukiupiga picha, tuambie umesimama wapi.